Mpea wa Uani: Jinsi Mti wa Matunda Usiotakiwa Unavyogeuka Kuni za Kufukizia Nyama

Mwishoni mwa Machi, kabla miti mingine haijachipua baada ya majira ya baridi, mitaa ya jimbo la Ohio nchini Marekani hujaa maua meupe ya mti mmoja ambao ukiutazama kwa mbali unapendeza, na ukiusogelea unanuka kama samaki aliyelala. Mti huo ni mpea wa Callery (ndugu wa mpea wa nchi za baridi, si mparachichi), na aina yake iliyoenea zaidi kwenye nyua za watu huitwa Bradford. Ni mti wa matunda kwa jina na kwa ukoo, lakini matunda yake ni vipunje vigumu vya rangi ya kahawia, vikubwa kidogo kuliko njegere, ambavyo mtu hawezi kuvila na ndege huvigombania. Siku hizi unakatwa kila mahali. Ninakoishi, haipiti wiki ya kiangazi bila kuona rundo la magogo yake kando ya barabara yakisubiri gari la taka, ilhali katika duka lililo mwendo wa dakika chache kutoka hapo mfuko mdogo wa vipande vya mti wa matunda, vilivyokaushwa kwa ajili ya kufukizia nyama, unauzwa kwa bei inayozidi ya kilo nzima ya kuku.

Pengo kati ya rundo la taka na mfuko wa dukani ndilo ninalotaka kulieleza. Wengi hudhani kwamba linazibwa na msumeno peke yake, na kwamba thamani ya mfuko imo katika jina lililoandikwa juu yake: mtufaha, mcheri, mpichi, mpea. Baada ya misimu kadhaa ya kupasua, kukausha na kuchoma kuni za mpea, nimefikia maoni tofauti. Jina la mti lina uzito mdogo kuliko bei ambayo watu wanalilipia. Uzito mkubwa umo katika namna kuni zilivyokaushwa, namna moto unavyowaka, na mambo ambayo mti uliyapitia kabla haujaanguka.

Nianze kwa kutofautisha mapishi, kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno babekyu huenda akafikiria nyama choma. Nyama choma huwekwa juu ya makaa mekundu na kuiva kwa joto la moja kwa moja. Babekyu ya Wamarekani wa kusini ni kitu kingine: nyama hukaa mbali na moto, ndani ya chombo kilichofunikwa chenye nyuzijoto 110 hadi 135 za Selsiasi, na moshi huizunguka kwa saa nyingi hadi minofu migumu kama kidari cha ng'ombe ilainike. Katika mapishi hayo kuni ni kiungo sawa na chumvi, na ndiyo maana watu wanabishana kuhusu miti kwa uchungu ule ule ambao watu wa Pwani wanabishana kuhusu pilau.

Mti ulioletwa uwe tiba

Mpea wa Callery asili yake ni China na Vietnam. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa mapea wa magharibi mwa Marekani walikuwa wakipoteza mashamba yao kwa ugonjwa wa bakteria unaoyanyausha machipukizi na matawi hadi yakaonekana kama yaliyobabuliwa kwa moto. Wizara ya Kilimo ya Marekani ikamwagiza Frank Meyer, mtafutaji wake wa mimea aliyekuwa akizunguka China, atume mbegu za mpea huo, kwa kuwa ulionekana kuuhimili ugonjwa vizuri. Wazo lilikuwa kuutumia kama shina la chini, na mapea ya kuliwa yabebeshwe juu yake. Meyer alizituma mbegu, na mwaka 1918 mwili wake ukaopolewa kutoka mto Yangtze. Miche iliyotokana na mbegu za China ilikuzwa katika vituo vya serikali, na mmojawapo, uliokuwa katika kituo cha Glenn Dale huko Maryland, uliwavutia wataalamu kwa sababu haukuwa na miiba na ulichanua kupita kiasi. Mwaka 1963 ukatolewa kwa umma kama mti wa pambo, ukaitwa Bradford.

Kwa miaka mingi mti huo ulionekana salama, kwa sababu miti yote ya Bradford ni vipande vya mti mmoja, na mpea wa aina hii hauwezi kujichavusha wala kuchavushwa na pacha wake. Tatizo liliingia kwa mlango wa nyuma. Matawi ya Bradford hupanda juu yakiwa yamebanana kwenye sehemu moja ya shina, na mti ukifika miaka 15 au 20 hupasuka kwa upepo au theluji. Wauza miche wakaleta aina nyingine zenye matawi imara zaidi, na aina hizo zilipopandwa jirani na Bradford, zikachavushana. Matunda yakajaa, ndege wakasambaza mbegu, na miche iliyoota yenyewe mashambani na kando ya barabara ikarudia tabia ya mababu zake wa msituni, yaani vichaka vilivyosongamana na miiba inayoweza kutoboa tairi la trekta. Ohio ilianza kupiga marufuku uuzaji na upandaji wake mwaka 2023, Pennsylvania na South Carolina zikafuata mwaka 2024. Katika majimbo kadhaa mwenye nyumba akithibitisha kwamba ameukata mpea wake hupewa bure mche wa mti wa asili ya pale.

Mipea ya uani si miti pekee inayoachwa. Katika mashamba ya matufaha ya jimbo la Washington, wakulima hung'oa aina za zamani ambazo soko limezichoka na kupanda mpya. Huko Michigan, kunakotoka sehemu kubwa ya cheri chachu za nchi nzima, mashamba makongwe hufuata njia hiyo hiyo. Na mpichi, ambao hauishi miaka mingi, huondolewa shambani ukiwa na umri wa miaka 15 hadi 20 hivi. Kwa muda mrefu miti hiyo ilirundikwa na kuchomwa palepale. California imefika mahali pa kukomesha karibu uchomaji wote wa mabaki ya kilimo katika bonde la San Joaquin kuanzia mwaka 2025, kwa sababu hewa ya bonde hilo imechafuka mno. Hivyo magogo yapo, ni mengi, na mwenye nayo mara nyingi humshukuru anayekuja kuyachukua.

Ndani ya moshi kuna nini

Ubao wowote umejengwa kwa vitu vitatu vikuu: selulosi, hemiselulosi na lignini. Selulosi ni nyuzi, hemiselulosi huzifunga pamoja, na lignini huzigandisha kama gundi ili mti usimame. Kuni zikipata joto kali bila hewa ya kutosha, vitu hivi havigeuki majivu mara moja bali huvunjika kwa zamu. Hemiselulosi hutangulia kwenye nyuzijoto 200 hadi 300 hivi, selulosi hufuata, na lignini, iliyo sugu kuliko zote, huendelea kuvunjika polepole hadi karibu nyuzijoto 500. Viwili vya kwanza ni sukari zilizofungamana, na vinapovunjika hutoa asidi, harufu tamu inayokaribia ya sukari iliyoungua, na kemikali zinazoungana na protini zilizo juu ya nyama na kuipa rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Lignini ndiyo inayotoa guayakoli na siringoli, kemikali mbili ambazo pua na ulimi wetu huzitambua na kusema, "hiki kimepita kwenye moshi."

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini miti ya matunda inafaa na misonobari haifai. Miti ya majani mapana, ambayo ndani yake imo mipea, mitufaha, micheri na hata mipera ya kwetu, ina lignini inayotoa guayakoli na siringoli kwa pamoja, hivyo moshi wake huwa na ladha iliyotulia. Lignini ya misonobari hutoa karibu guayakoli peke yake, na juu yake misonobari imejaa ulimbo, ambao ukiungua hutoa masizi mazito yanayoiachia nyama uchungu.

Je, kati ya mti mmoja wa matunda na mwingine kuna tofauti? Ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Ukichoma mpea mkavu na mtufaha mkavu katika moto safi, utapata moshi mwepesi wenye utamu wa mbali, na mimi mwenyewe siwezi kuutofautisha nikiwa nimefumba macho. Moshi wa mcheri huipa ngozi ya kuku wekundu uliokolea kidogo. Tofauti kubwa huonekana unapotoka katika kundi la matunda na kwenda kwenye miti kama meskiti ya Texas, ambayo moshi wake ni mkali na huilemea nyama haraka. Lakini chukua kipande kibichi na kipande kikavu cha mti ule ule, uvichome siku moja, na tofauti yake hata mtoto ataionja.

Kukausha, ambako ndiko kazi iliko

Mti uliokatwa leo umebeba maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito ambao ubao wenyewe ungekuwa nao ukiwa mkavu kabisa. Maji hayo yakiingia motoni huiba joto. Kila tone linapogeuka mvuke linapoza kuni, kuni zikipoa haziwaki bali zinafuka, na moshi unaotoka hubeba lami na asidi ambazo moto wenye nguvu ungezimaliza. Ukiona moshi mweupe, mzito, unaotambaa na kuchoma macho, ujue sehemu yake kubwa ni mvuke na lami. Mwaka wa kwanza nilifukiza kuku wawili kwa mpea niliokuwa nimeukata majuma matatu tu kabla. Ngozi yao ilitoka nyeusi inayong'aa kama iliyopakwa rangi, na ganzi yake ikabaki ulimini hadi jioni. Mti haukuwa na kosa. Ulikuwa bado umejaa maji.

Kuni za moto wa kawaida huhesabiwa kuwa kavu unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, na hicho ndicho kiwango kinachofaa hata kwa moshi wa nyama. Kuzikausha kupita hapo kwenye tanuri, hadi zikawa kama mifupa, nako kuna hasara, kwa sababu vipande huwaka ghafla na kuisha kabla ya kutoa moshi wa maana.

Mpea una tabia zake. Mbao yake ina rangi ya waridi iliyochanganyika na hudhurungi, na nyuzi zake ni laini na zimeshikana sana, kiasi kwamba huko Ulaya imetumika tangu zamani kuchongea filimbi na vibao vya kuchapia picha, kwa sababu kisu kinaweza kuelekea upande wowote bila ubao kuchanika. Sifa hiyo humfurahisha fundi wa filimbi na kumchosha mwenye shoka. Gogo la mpea halipasuki kwa pigo moja kama mkaratusi. Hushika shoka, na mara nyingi inabidi kabari na nyundo nzito zitumike. Isitoshe, maji katika mti husafiri kwa urefu wa nyuzi, kwa hiyo ncha za gogo hukauka na kusinyaa kabla ya katikati. Baada ya siku chache tu utaona nyufa zimetokea kwenye ncha, zimetawanyika kutoka kwenye kiini kama miali ya nyota. Kwa kuni nyufa si hasara, bali ni njia za maji kutokea. Wanaotaka vipande vizima vya kuuza ndio hupaka ncha nta, na ikiwa utapaka chochote kiwe nta tu, kamwe kisiwe rangi ya nyumba.

Kanuni ninayoifuata ni kupasua mapema. Gogo zima lenye gome lake ni kama chupa iliyozibwa kifuniko. Linaweza kukaa mwaka mzima likaoza kwa ndani kabla halijakauka. Nalikata vipande vya urefu wa sentimita 30 hivi, navipasua ndani ya juma la kwanza hadi vifike unene wa kifundo cha mkono, kisha navipanga juu ya kichanja ili hewa ipite chini. Juu naweka bati la kuzuia mvua. Pembeni naacha wazi kabisa. Kuzifunika kuni kwa turubai hadi chini ni kosa ninalolikuta kila mtaa, kwa maana mvuke hukosa pa kutokea na kuvu hufurahia. Vipande vilivyoota kuvu nyeusi au kijani sivitumii kwa chakula. Vinafaa kwa moto wa kuota tu.

Muda ni miezi sita kwa vipande vyembamba vilivyopata kiangazi chote, na mwaka mmoja kwa vinene. Kuna kifaa kidogo chenye sindano mbili kinachopima unyevu, lakini lazima ukipasue kipande na kukipima upande wa ndani, kwa sababu nje hukauka kwanza na kukudanganya. Asiye na kifaa atumie mizani. Kipande changu kimoja cha kilo 3 kilipungua mwezi baada ya mwezi hadi kilo 2 na ushei, kikakaa hapo. Kilipoacha kupungua ndipo nikajua kwamba kimetoa maji yote ambayo hewa ya hapa inaweza kuyachukua. Njia ya wazee ni rahisi kuliko zote: gonganisha vipande viwili. Vibichi hutoa sauti iliyozibwa, kama kugonga mlango uliolowa. Vikavu hulia.

Moto mdogo unaopumua

Kuni zikishakauka, wengi huziharibu kwa kuziloweka tena. Desturi ya kuloweka vipande kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili "vitoe moshi zaidi" imeenea sana, na haina msingi. Ubao mnene haunyonyi maji mengi kwa usiku mmoja zaidi ya tabaka la juu, na yale machache yanayoingia lazima yachemke yote kwenye nyuzijoto 100 kabla ubao haujafika kwenye joto la kutoa moshi. Kinachoonekana kama moshi mwingi ni mvuke, na moto umepoa bure.

Kwa pipa la chuma au jiko la kawaida lenye mfuniko, mimi huwasha mkaa, nikasubiri uive, kisha nikaweka juu yake vipande vitatu au vinne vya mpea vyenye ukubwa wa ngumi. Tundu la hewa la chini naliacha wazi kwa kiasi na la juu wazi kabisa, kwa sababu moshi unaokaa ndani bila kutoka hupoa na kuacha lami juu ya nyama. Baada ya dakika chache moshi mweupe wa mwanzo huisha na kufuatwa na moshi mwembamba wenye ubuluu, unaoonekana vizuri tu ukiutazama ukiwa na kitu cheusi nyuma yake. Huo ndio unaotakiwa, na nyama iingie wakati huo, si kabla. Nyama iliyotoka kwenye baridi, yenye uso wenye unyevu, ndiyo inayoshika moshi vizuri. Baada ya saa tatu au nne, uso ukishakauka na kuwa gamba, kuni za kuongeza zinaongeza joto zaidi kuliko ladha. Ule utepe wa waridi unaoonekana chini ya gamba ukikata kidari hutokana na gesi za moto, hasa oksidi ya nitrojeni na monoksidi ya kaboni, zinazoungana na rangi nyekundu ya asili iliyomo ndani ya nyama, na hauna ladha yake wenyewe.

Samaki na kuku hutaka moshi kidogo na kwa muda mfupi, na hapo mpea hufanya vizuri kuliko miti mikali. Kidari na bega la nguruwe huvumilia zaidi.

Mti umepitia nini

Sehemu hii husahaulika, nami naiona kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu kosa la kukausha huharibu chakula cha siku moja ilhali kosa la hapa huweza kumwingia mtu mwilini bila kuonjwa.

Mpea ukikatwa bila dawa, kisiki huchipua kwa nguvu, na kwa hiyo wataalamu hushauri kisiki kipakwe dawa ya kuua magugu mara baada ya kukata. Hilo halina shida kwa magogo yaliyokwisha kuondolewa. Lakini wako wanaoupaka mti dawa kwenye gome au kuuchoma sindano ukiwa bado umesimama, wausubiri ufe, kisha waukate. Mti wa namna hiyo usiingie karibu na chakula hata ukikauka miaka mitano. Ukichukua gogo kando ya barabara, gonga mlango wa mwenye nyumba uulize. Ikiwa hakuna anayejua, liache.

Mashamba makongwe ya matufaha yana urithi mwingine. Kuanzia miaka ya 1890 hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, wakulima wa Marekani walinyunyizia miti yao aseneti ya risasi, dawa yenye madini ya risasi na sumu ya aseniki, ili kuua viwavi wa matufaha, mara kadhaa kila msimu. Risasi na aseniki havipotei. Hadi leo vimo katika udongo wa juu wa mashamba ya enzi hizo, kwa wingi huko Washington. Kwa hiyo mti uliong'olewa na mizizi yake na kuburutwa kwenye udongo huo si sawa na tawi lililokatwa juu. Ushauri wangu ni kuacha kisiki, mizizi na sehemu ya chini ya shina, na kuambua gome la kuni zozote zilizotoka kwenye shamba la biashara, kwa kuwa gome ndilo linalopokea kila kinachonyunyiziwa, iwe zamani au sasa.

Halafu kuna mmea unaotambaa uitwao poison ivy, ambao Wamarekani huuogopa kwa haki. Huparamia miti iliyoachwa, na shina lake huwa na vinywele vingi vinavyoshika gome. Mafuta yake huwasha ngozi hadi ikatoka malengelenge, na yakichomwa huchukuliwa na moshi hadi mapafuni. Gogo lenye alama ya vinywele hivyo nalikataa zima. Wafugaji nao wajihadhari na majani ya mcheri na mpichi yanaponyauka baada ya mti kukatwa, kwa sababu hutoa sianidi, na mbuzi au ng'ombe aliyeyala kwa wingi anaweza kufa muda mfupi baadaye. Ubao mkavu wa miti hiyo hiyo hutumika kwa moshi bila tatizo hilo.

Na kuni zisisafiri mbali. Mdudu kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua mamilioni ya miti ya jamii ya ash (Fraxinus) Marekani, na moja ya njia zake kubwa za kusafiri ilikuwa kuni zilizopakiwa nyuma ya magari. Ndiyo maana kuni za kuuzwa mbali hupashwa joto hadi kiini cha kipande kifike nyuzijoto 60 kwa dakika 60. Wa kutumia nyumbani na achome alipokata.

Kuhusu afya ya mlaji, nisiseme nusu. Moshi wa kuni, hata ulio safi, una kemikali za kundi ambalo ndani yake imo benzopirini, inayojulikana kusababisha saratani, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo za kukaushwa kwa moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi tangu Septemba 2014, na wauza samaki wa Afrika wanaotaka soko hilo wanalazimika kukifikia. Kemikali hizo huongezeka moto unapokuwa mkali mno na mafuta yanapodondokea kwenye moto. Sinia chini ya nyama, moto uliowekwa kando, na kuni kavu hupunguza kemikali hizo. Jiko la FAO-Thiaroye, lililobuniwa Senegal kwa ajili ya wakausha samaki, limejengwa kwa mantiki hiyo hiyo ya kukinga mafuta na kutenganisha kazi ya kuivisha na kazi ya moshi. Zaidi ya hapo, chakula cha moshi kiwe cha siku moja moja.

Kwetu

Kuchagua mti kwa ajili ya moshi si jambo geni Afrika Mashariki. Wamasai hufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni mwitu, na hawakubali mti wowote tu. Tunachokosa ni kuitazama miti ya matunda kwa jicho hilo. Mfano ulio karibu zaidi unatoka Hawaii, ambako mpera mdogo wa Brazil, uliofikishwa huko mwaka 1825, umevamia misitu ya asili, na wenyeji huukata na kufukizia nyama kwa kuni zake. Mpera wetu wa kawaida ni ndugu yake, nao huota wenyewe malishoni na kando ya njia kwa kazi ya ndege na watoto. Mathenge, mti wa miiba ulioletwa Baringo nchini Kenya katika miaka ya 1980 na ambao sasa unawasumbua wafugaji, ni ndugu wa karibu wa ile meskiti ambayo watu wa Texas wanaichomea nyama. Moshi wake ni mkali, basi uchanganywe na mti mpole. Mwembe na mkorosho nauwekea tahadhari, kwa sababu ukoo wao ndio ukoo wa ule mmea unaowasha ngozi, na utomvu wao mbichi huwababua watu wengine vibaya.

Mpera, kwa upande wake, una gome jembamba linalojibandua lenyewe, matawi yasiyohitaji kabari, na mbao nzito yenye nyuzi laini. Kikwazo chake pwani ni unyevu wa hewa, kwa maana kuni zilizopangwa nje Tanga au Mombasa huenda zisishuke chini ya asilimia 20 katika miezi ya masika. Lakini majiko mengi ya kijijini yana uchaga juu ya mafiga, ambapo kuni za kesho hukauka kwa joto la mapishi ya leo. Vipande vya mpera vyenye unene wa kifundo cha mkono, vikipasuliwa mapema na kukaa huko tangu vuli hadi masika yaishe, vishushwe na kugonganishwa; vikilia, samaki aletwe.